Tochi ya Mawe Matatu

Dorkasi hakuwa na umeme. Nguzo zilikuwa zimefika Nzuguni, zikapita kwa jirani wa kulia, zikaruka kiwanja chake kama mtu anayeruka dimbwi, zikatua kwa jirani wa kushoto. Hakuwa na sola. Hakuwa na bisibisi. Hakuwa na meno mawili ya mbele, ambayo kwa kazi iliyokuwa inamngoja yangemfaa kuliko hiyo bisibisi. Hakuwa na ufundi wa kusomea, wala hakuwahi kuona ndani ya kitu chochote cha betri, isipokuwa redio moja iliyoanguka ikajifungua yenyewe. Hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba jambo alilokuja kulifikiria linawezekana. Wa kumwambia kwamba haliwezekani alikuwa naye, tena alikuwa mume wake.

Alichokuwa nacho ni tochi, na tochi hiyo tuitendee haki. Haikuwa kama hizi za plastiki zinazouzwa stendi pamoja na viwembe. Mumewe, Elisha, alikabidhiwa siku alipoacha kazi ya ulinzi wa ghala huko Gulwe, kando ya reli. Mwili wake ulikuwa wa chuma cha kung'aa, kichwa kipana kama kikombe cha uji, mbele kioo cha kweli, na swichi yake ilisukumwa kwa dole gumba ikalia ta! kama mtu mwenye uhakika na neno lake. Ilimeza betri tatu kubwa, zile ambazo Dorkasi na wenzake wa rika lake huziita mawe. Kasoro yake ilikuwa moja tu: mwanga. Balbu ilikuwa imechoka, ikatoa rangi ya chai iliyoongezwa maji mara ya tatu.

Elisha naye alikuwa na kasoro moja tu, nayo ilikuwa ya mwanga pia. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Daktari alikwisha kusema atayafanyia upasuaji presha ikitulia, na presha ya Elisha haikuwa na haraka. Nje, jua la Dodoma lilimmwagia kila kitu unga mweupe. Ndani, dirisha lilikuwa dogo na giza lilikuwa kubwa. Taa nyeupe za kwenye simu zilimfanya afumbe macho na kulalamika kwamba anachomwa sindano. Basi mzee huyu, aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko makarani waliomlipa mshahara, akawa haoni hata mstari wa daftari. Alilijua hilo yeye na mkewe, na mdogo wake Nikodemo ambaye alikuwa ameapishwa kunyamaza.

Sasa, baada ya Anitha na mabinti wengine, mtoto wao wa kiume alikuwa mmoja, jina lake Cornel, dereva wa bajaji. Cornel alikuwa amempenda Penina, mshonaji wa Gulwe, na Penina alikuwa amempenda Cornel, na kwa upande wao jambo lilikuwa limekwisha. Kwa upande wa wazee lilikuwa halijaanza, maana barua ya posa ilikuwa haijaandikwa.

"Baba, barua?" Cornel alikuwa akiuliza.

"Naitunga," Elisha alikuwa akijibu.

Kutunga kulikuwa kumekwisha zamani. Dorkasi aliijua barua nzima kwa kuisikia ikisemwa chini chini mezani, kuanzia salamu hadi sahihi. Kilichoshindikana ni kuiteremsha kutoka kichwani hadi kwenye karatasi. Cornel, bila ubaya wowote, akachoka kusubiri. Akaenda steshenari mjini, akachapiwa barua yenye maua pembeni, akaileta, akamwekea baba yake kidole mahali pa kutia sahihi. Elisha akatia. Nikodemo, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga, akafunga safari nayo hadi Gulwe kwa Mzee Gideoni, baba yake Penina.

Alirudi siku ya pili na barua ileile katika mfuko uleule wa koti.

"Amekataa, mjomba?" Cornel aliuliza kabla Nikodemo hajaketi.

"Mimi ni baba yako mdogo, siyo mjomba, na unisalimie kwanza."

"Shikamoo baba mdogo. Amekataa?"

"Marahaba. Posa hajakataa. Amekataa karatasi." Nikodemo aliitoa, akaiweka mezani. "Ameisoma, akaigeuza, karibu ainuse. Akaniuliza, 'Nikodemo, hili ni tangazo la zabuni? Mkono wa Elisha uko wapi?' Nikamwonyesha sahihi. Akasema, 'Hapa amepita kuku.'"

Cornel aliuma mdomo. Nikodemo akamgeukia Elisha.

"Anasema mlikaa benchi moja kisomo cha jioni, wewe na yeye, na karabai moja kati yenu. Herufi zako anazijua kuliko anavyoijua sura yako. Kama wewe mwenyewe unamtaka binti yake awe mkweo, uandike wewe. Kama ni watoto wamejipangia na sisi wazee tunaletewa tugonge muhuri tu, basi iko barua nyingine imetoka Kibakwe, na hiyo imeandikwa kwa mkono. Jumapili baada ya ibada anakaa na ndugu zake kuamua."

"Ulimweleza habari za macho?" Dorkasi aliuliza.

Nikodemo alimtazama kaka yake. Elisha alitazama ukuta, na hapo Cornel akaelewa kwa nini barua ilikuwa imechelewa.

"Nilikatazwa, shemeji."

"Gideoni alinishinda hesabu," Elisha alisema taratibu. "Mwandiko hajanishinda hata siku moja. Simpelekei salamu za upofu."

Hapo Dorkasi akaona jinsi mambo yalivyokaa. Kwa upande mmoja ilikuwa ndoa ya mwanawe, na kwa upande wa pili jina la mumewe, na vyote viwili vilikuwa vinangoja mkono mmoja uione karatasi moja.

Kesho yake jioni, jua likiwa limetoka kuzama, Cornel alirudi kazini akaigeuza bajaji uani. Taa yake ikapita mlangoni, ikamwangukia Elisha pale alipokaa na ile barua iliyorudi, maana tangu jana alikuwa hajaiachia.

"'Tunayo heshma kubwa...'" Elisha akasoma. "Heshma? Nani huyu ameandika heshima bila i? Watu wa steshenari wameniaibisha mpaka Gulwe! Na hapa tena, 'familia yako tukufu.' Tukufu! Ni familia au ni—"

Cornel akazima injini. Taa ikazimika. Sauti ya Elisha nayo ikakatika.

Elisha mwenyewe hakutambua alichofanya. Alikuwa na hasira ya ile i. Aliyetambua ni Dorkasi, ambaye alikuwa amesimama na ungo mkononi.

"Washa tena," alimwambia mwanawe.

"Betri yangu, mama."

"Washa, Cornel."

Taa ikawaka. Ilikuwa na rangi ya samli iliyoyeyushwa, haikuwa nyeupe. Elisha akaendelea palepale alipoachia, akagundua kosa lingine.

"Hiyo taa yako ni ya namna gani?"

"Halojeni, mama. Balbu ya moto ya zamani. Wenzangu wote wamebadilisha, wameweka hizi nyeupe. Mimi sijapata nafasi."

"Usiipate. Baba Anitha, njoo uandike hapa hapa, taa ikiwaka."

Elisha alijikusanya kwenye kiti. "Niandike posa ya mwanangu mbele ya bajaji, kama nimesimamishwa na trafiki? Halafu injini ingurume, majirani waje kuuliza nimegonga nini?"

"Basi nitaiingiza hiyo taa kwenye tochi."

"Haiwezekani."

"Tochi ina kichwa, na taa ni balbu tu."

"Mama," Cornel alicheka, "balbu ya bajaji haiingii kwenye tochi. Ni kama kumvisha mtoto kofia ya askari."

"Iko ndogo yake. Kitu kikubwa hakikosi kidogo chake," alisema Dorkasi, akarudi kwenye ungo wake. Alilisema hilo bila ushahidi wowote, na ndiyo maana namsifu.

Asubuhi aliifunga tochi kwenye kanga, akashuka mjini, soko la Majengo. Kwenye vibanda vya mbele vijana walimwita kila mmoja kwa upande wake.

"Bibi, chukua hii ya kuchaji, ina redio na king'ora!"

"King'ora cha nini?"

"Cha wezi."

"Mwizi akija nitamwimbia mwenyewe."

Kila alipouliza balbu ya halojeni ya tochi, walimtazama kama mtu anayeuliza nauli ya kwenda jana. Hatimaye mpimaji mahindi mmoja, kwa kumwonea huruma, akamwonyesha uchochoro nyuma ya magunia. Huko ndiko lilikokuwa duka la Mzee Jamaldini: tambi za majiko, vioo vya chemli, visu vya cherehani, vitu vyote ambavyo ulimwengu umeviacha na ambavyo bado kuna mtu mmoja anavitafuta. Mzee alikuwa nyuma ya meza. Mkewe, Bi Stara, alikuwa kwenye kigoda mlangoni akichambua mchele.

"Tochi ya mawe mangapi?" Jamaldini aliuliza, na kwa neno hilo moja Dorkasi akajua amefika.

"Matatu."

"Mawe matatu?" Bi Stara alidakia. "Dada, hilo ni jiko. Bandika sufuria."

Wakacheka wote. Jamaldini akaifungua kanga, akaishika tochi kwa mikono miwili, akagonga kichwa chake kwa ukucha, akasikiliza.

"Chuma. Na kioo halisi." Alimwita mkewe aje aione. "Hii inaimudu. Za plastiki unaziwekea halojeni leo, kesho zimejikunja kama mshumaa juani. Nilikuwa na balbu mbili za saizi hii. Moja naitumia mwenyewe. Tazama."

Akachukua tochi yake chini ya meza, akaielekeza nyuma kabisa ya duka, mahali ambapo Dorkasi alidhani ni ukuta mweusi. Haukuwa ukuta. Kulikuwa na rafu juu ya rafu, maboksi yenye vumbi, na juu ya kila boksi maandishi madogo ya kalamu, na Dorkasi aliyasoma yote kutoka aliposimama: gaskiti, vali, nyuzi, vifungo. Mwanga ulikuwa umenyooka na kutulia, wenye rangi ileile ya samli.

"Kumbe," alisema. Hakuwa na neno jingine, na sidhani kama lipo.

Jamaldini alimfungia balbu ya pili kwenye karatasi. Ilikuwa ndogo kama punje ya hindi, na shingo ya bati. "Sikiliza, mama. Kioo chake usikiguse kwa vidole. Umenisikia? Kwa vidole, hapana."

"Kwa vidole, hapana."

"Na inakula mawe hiyo," Bi Stara aliongeza. "Ukimaliza kazi, zima. Usikae kuistaajabia."

Nyumbani kazi ilikuwa ngumu kuliko alivyofikiri. Kichwa cha tochi kilikuwa kimeshikwa na kutu. Alikipaka majivu makavu, akakizungushia kanga, akakibana kati ya magoti, akakisokota hadi mishipa ya shingo ikamtoka, na Elisha akiwa kitini anarudia kwamba haiwezekani. Kikazunguka. Ndani kulikuwa na pete nyembamba inayoishika balbu. Hiyo aliing'oa kwa sindano ya kushonea magunia, polepole, kama anayemtoa mtoto mwiba. Balbu ya zamani ikatoka. Mpya akaiingiza kwa pembe ya kitambaa safi, na kidole chake hakikuigusa hata kwa bahati mbaya.

Sasa, katika nyumba ile hakuna kitu kipya kilichowahi kuanza kazi bila kuombewa na kupakwa mafuta. Dorkasi alikuwa na chupa ya mafuta ya alizeti iliyoombewa kanisani. Jembe lilipakwa, sufuria ilipakwa, na bajaji ya Cornel mpaka leo ina alama kwenye kioo cha mbele ambayo abiria hudhani ni uchafu. Je, balbu ambayo ndoa nzima inaitegemea iachwe? Lakini alikuwa amekatazwa kuigusa kwa vidole, na Dorkasi ni mtu wa kufuata masharti. Akatoka uani, akaokota unyoya wa kuku, akauosha, akaukausha, akauchovya kwenye mafuta, akaipaka ile balbu pande zote kwa unyoya, huku akiomba. Kisha akarudisha kioo, akakaza, akatia mawe.

"Umeombea?" Elisha aliuliza.

"Nimeombea."

Ta!

Chumba kikafunguka. Elisha alikuwa ameweka mkono wake mezani, na mwanga ukaukuta hapo. Akauinamia, akaugeuza, akaona mistari ya kiganja, kovu la shoka la ujanani, na mishipa.

"Mama Anitha," alisema kwa sauti ya chini, "kucha zangu huwa ni chafu hivi?"

"Siku zote."

"Mbona husemi?"

Dorkasi alikuwa anacheka, na akicheka ndipo akasikia harufu.

"Kuna mtu anakaanga," Elisha alisema.

Moshi mwembamba ulijikunja ndani ya kioo. Mwanga ukawa kahawia. Kisha pa! ndogo, kama bisi ya kwanza kwenye sufuria, na chumba kikarudi kuwa kilekile cha jana.

Dorkasi alikaa chini sakafuni na tochi mapajani. Alingoja aambiwe kwamba haikuwezekana; alikuwa ameuandaa na moyo kabisa. Elisha alikuwa bado ameuinamia mkono wake gizani.

"Nimeuona mkono wangu," alisema.

Na sauti aliyolisemea neno hilo ndiyo iliyomrudisha Dorkasi Majengo siku iliyofuata.

Ilikuwa Ijumaa, na Jamaldini alikuwa amekwisha kuvaa kanzu, anafunga duka aende msikitini. Nikodemo naye alikuwa Nzuguni na begi lake, maana gari la mwisho la Mpwapwa, njia ya kwenda Gulwe, lilikuwa la jioni, na Jumapili ilikuwa mlangoni.

"Imepasuka," Dorkasi alisema, hata salamu akaisahau.

"Uliigusa kwa vidole."

"Sikuigusa kwa vidole!"

"Uliigusa kwa nini?"

"Kwa unyoya."

Jamaldini aliweka kufuli chini. "Unyoya mtupu?"

"Wenye mafuta. Ya upako."

Bi Stara alicheka hadi akaushikilia mlango. "Umeikaanga! Mume wangu, mwenzetu ameikaanga balbu kama sambusa!"

"Mama," Jamaldini alisema, na kwa heshima yake hakucheka, "ni mafuta hayo hayo ndiyo nilikuwa nayakataza. Mafuta ya vidole. Hiyo balbu ina moto mkali sana, ikipata mafuta, mahali penye mafuta panaungua peke yake, kioo kinapasuka. Kosa ni langu. Nilikukataza kidole, sikukukataza mafuta. Na nyingine sina. Ilikuwa ya mwisho."

"Unayo. Iko kwenye tochi yako."

"Hiyo ni yangu, mama. Mimi natafutia vitu huko nyuma. Wewe unaitakia nini kwa haraka hivi? Fisi?"

"Barua ya posa," alisema Dorkasi, na hapo akaeleza yote kwa pumzi moja: mtoto wa jicho, Gulwe, karabai, kuku aliyepita, barua ya Kibakwe, na mkono ulioonekana.

Bi Stara alikuwa ameacha kucheka. "Mpe," alisema.

"Nimpe ya kwangu? Na mimi nikitafuta bolti?"

"Miaka yote unatafuta bolti na taa ikiwaka, unaniita mimi nikuonyeshe. Mpe. Umeposea wanao wote kwa mkono wako, hujui ni kitu gani? Posa inakwama, wewe umesimama na kanzu nyeupe unasema bolti!"

Jamaldini akatazama kanzu yake, akafungua duka tena. Aliichomoa balbu mwenyewe kwa leso safi, akaitia katika tochi ya Dorkasi, akakaza kichwa, akamkabidhi.

"Na upako?" Dorkasi aliuliza. Hakutaka kukosea mara ya pili.

"Paka nje, kwenye chuma. Ndani mwachie Mungu mwenyewe."

Dorkasi alikuwa na kifuko cha karanga kwenye kikapu, za shamba lake. Alimwachia Bi Stara mchele ukiwa na karanga juu yake, akaondoka kabla hazijarudishwa.

Alasiri, meza ilisogezwa mbali na dirisha na pazia likashushwa. Nje, Nikodemo alikaa kwenye bajaji na begi magotini, na Cornel akazunguka bajaji hiyo kama mtu aliyepoteza ufunguo. Ndani, Elisha alikuwa amekata kucha. Mbele yake kulikuwa na karatasi nyeupe yenye mistari na kalamu ya wino wa bluu. Dorkasi alisimama nyuma ya bega lake la kushoto, tochi ameishika kwa kanga kwa sababu ya joto.

"Mawe ni ya bei rahisi haya," alimwambia. "Hayatadumu. Ukifikiri, nazima. Ukiwa tayari kuandika, sema."

"Nimekwisha kufikiri tangu mwezi uliopita. Washa."

Ta!

Karatasi ikawaka kama shamba la alizeti. Kalamu ikashuka. Dorkasi aliisikia kabla hajaitazama, ile sauti ya ncha ya kalamu ikikwaruza kwa mwendo mmoja usiosita, ambayo hakuisikia kwa muda mrefu. Kisha akatazama, na ndugu msomaji, alitazama hasa. E ilipanda ikajipinda shingo kama bata. G ilishuka chini ya mstari ikafunga kitanzi chake, ikarudi juu bila kuinuliwa. Herufi zilikuwa zimekua kidogo kuliko zamani, na mistari ilikuwa inapanda mlima kuelekea kulia, lakini ulikuwa mwandiko wa Elisha wala hakuna mwingine duniani ambaye angeuandika.

"Zima," alisema akifika nukta.

"Washa," alisema akishika pumzi.

Hivyo ndivyo walivyokwenda, mmoja na kalamu, mmoja na mwanga, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Baada ya salamu, washa na zima hazikuhitaji kusemwa. Bega la Elisha likipanda kidogo, Dorkasi aliwasha. Mkono ulimuuma, akaubadilisha bila mwanga kuhama. Ukurasa ulijaa nusu, ukajaa robo tatu, na rangi ya samli ikaanza kuwa rangi ya asali.

"Inakula mawe," Dorkasi alisema.

"Naiona."

Barua iliyokuwa kichwani ilikuwa imebakiza maneno ya kufungia tu. Dorkasi aliyajua: wako katika Bwana, kisha jina. Bega likapanda, akawasha. Lakini kalamu haikuandika wako. Iliandika, na Dorkasi akasoma herufi moja moja jinsi zilivyokuwa zikitoka:

*Utaona mistari yangu imepanda mlima. Macho yangu yana ukungu, ndugu yangu, yanangoja daktari. Ile karatasi ya kwanza nilikuletea kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya kiburi. Hii nimeiandika kwa mkono wangu. Mwanga ni wa mke wangu, ameutengeneza yeye. Binti yako akija kwetu, atakuja katika nyumba ya mwanamke wa namna hiyo.*

Mwanga ukatikisika.

"Shika taa," Elisha alisema.

"Nimeshika."

"Mbona inatembea?"

"Andika jina lako, Baba Anitha, mawe yanakwisha."

Asali ikawa kahawia, kahawia ikawa kaa la moto. Elisha aliinama hadi pua ikakaribia karatasi. Akatia sahihi yake nzima, na mkia mrefu chini yake, ule aliojifunza mbele ya karabai akimringishia Gideoni. Alipoinua kalamu, uzi ndani ya balbu ulikuwa mwekundu tu, hauangazi kitu. Dorkasi akauzima kwa dole gumba, kwa heshima, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

"Jamani!" Cornel aliita kutoka nje. "Gari halitungoji!"

Karatasi ilikunjwa mara tatu. Bahasha ilikuwa nzuri, nyeupe, lakini hewa kavu ya Dodoma ilikuwa imemaliza gundi yake yote. Elisha aliilamba mara mbili, ikafunguka mara mbili.

"Lete hapa," Dorkasi alisema. Akaenda jikoni, akachukua tonge dogo la ugali uliobaki wa mchana, akalilainisha kwa maji kati ya vidole. Akapaka ukingo wote wa bahasha, akafunga, akagandamiza juu yake kwa mwili wa ile tochi, ambayo ilikuwa bado ina joto. Akangoja. Akajaribu pembe kwa ukucha. Haikufunguka.

Elisha akaipapasa kwa kidole, mbele na nyuma, akamrudishia mkewe mkononi. Dorkasi akaibeba mwenyewe hadi kwenye bajaji, akaitia katika mfuko wa ndani wa koti la Nikodemo, akafunga kifungo.

"Nimwambie nini Gideoni, shemeji?" Nikodemo aliuliza.

"Usimwambie kitu. Imeandikwa."

Cornel akawasha injini, na taa yake ya zamani ikaitangulia barua kuelekea barabara kuu.